Macho ya Viboko

Kimulot
Jumapili, 2 Machi 2025

Ndugu yangu Onsongo,

Bwakire. Mimi ni mzima isipokuwa mgongo. Nilikuwa sijakuandikia kwa sababu nilikuwa sina la kusema. Mashine za kuchuna majani zilituondoa kule estate ya chai, watu wengi kwa siku moja, na wiki mbili nilikula kwa watu. Sasa nimepata kazi kwa mama mmoja mkulima hapa Kimulot, karibu na msitu. Jina lake ni Chepkurui, lakini wote tunamwita Mama Kimeli. Ana majani chai, ana ng'ombe wanne, na ana bunduki.

Ndiyo, bunduki. Ana leseni na ana kibali cha mahali pa kupigia. Kuna mchezo ambao watu wakubwa hucheza, unaitwa mashindano ya shabaha. Hawalali chini kama askari. Wanakimbia kutoka hapa hadi pale, wanapiga makadibodi yaliyosimamishwa, na mtu ameshika saa. Mama Kimeli anataka kwenda mashindano ya Aprili. Chini ya shamba kuna shimo la zamani la kuchimbia maram ya barabara, na huko ndiko anafanyia mazoezi. Kazi yangu ni kukata nyasi, kukama, na kusimamisha makadibodi.

Nakwambia wewe kwa sababu huwezi kunicheka kwa sauti: naogopa. Kila akipiga naruka. Jana alisema, "Wewe Mogaka, Mkisii mzima, unaruka kama sungura?" Nikacheka naye. Lakini wewe unajua mwaka ule wa fujo za uchaguzi tulilala wapi, na tulitoka Sotik tukiwa tumebeba nini. Wewe ulikuwa husikii usiku ule. Mimi nilisikia.

Katika bahasha hii nimekuwekea maganda sita ya risasi. Yameshapigwa, ni shaba tupu. Nilikumbuka unavyohangaika na macho ya viboko unaowachonga, ukizungusha kifuniko cha kalamu juu ya jiwe mpaka kinavunjika. Jaribu haya. Mama Kimeli amesema nichukue tu, kwake ni takataka.

Arasa wa lori la ndizi atakuletea. Hushuka Litein Jumatatu na Alhamisi na kurudi Kisii jioni, kwa hivyo nijibu kwa njia hiyo hiyo.

Ndugu yako,
Mogaka


Tabaka
Jumatano, 5 Machi 2025

Mogaka,

Umenitumia dhahabu halafu unaiita takataka. Nimeweka mdomo wa ganda juu ya jiwe, nikalizungusha mara tatu, duara limetoka kama lililochorwa na Mungu. Viboko wangu sasa wanaona. Zamani walikuwa wanakodoa kama walevi wa chang'aa.

Shida moja. Shaba hiyo ni ngumu na mdomo wake hupasuka ukiipiga tupa kuitia meno. Lakini nimepata dawa. Naiweka kwenye makaa mpaka ibadilike rangi, halafu naitia majini. Inakuwa laini kama mwanamke aliyesamehe. Ila lazima niinamie jiko na kuangalia kwa karibu sana, kwa sababu rangi ikipita kidogo tu, ganda limeharibika. Ndevu zangu zimeanza kuungua.

Yule mfanyabiashara wa Nairobi amekuja. Anataka viboko, wadogo na wakubwa, kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo. Mdomo wa ganda moja hufa baada ya viboko kumi hivi. Nitumie mengine, jaza kopo.

Mke wangu Lenah bado yuko kwao Nyamira, mama yake hajapata nafuu. Amekwenda na simu. Mimi simu ya nini.

Na hiyo bunduki ya Mama Kimeli wako ikoje? Wewe uliyekimbia bata wa mjomba, sasa unafanya kazi na watu wa shabaha. Niandikie. Huku hakuna ninachosoma isipokuwa magazeti ya kufungia nyama.

Onsongo


Kimulot
Jumapili, 9 Machi 2025

Ndugu yangu,

Kopo ni hili. Lilikuwa la mafuta ya kupikia, nimelifunga kwa mpira wa tairi.

Umeuliza bunduki. Ni ndogo, ya mkono, ile wanaita rivolva. Katikati ina gurudumu lenye mashimo sita, kila shimo risasi moja, na gurudumu linazunguka kila ukivuta triga. Wenzake wote katika mchezo wana zile bastola bapa zinazobeba risasi nyingi. Nilimuuliza kwa nini yeye asinunue kama hizo. Akanionyesha vidole vyake gumba. Amechuna majani tangu akiwa msichana, vidole vimekakamaa, haviwezi kuvuta ule mgongo wa bastola nyuma. "Lakini cha kuvutia triga kiko sawa," akasema. "Hicho majani hayakukimaliza."

Muuzaji alimletea tatu ajaribu, naye muuzaji mwenyewe akiwa hapo. Ya mtutu mfupi ilimrusha mkono, na risasi zikaenda zilikotaka. Ya mtutu mrefu ilipiga vizuri akiwa amesimama, lakini akikimbia inainama mbele kama mtu aliyebeba ndoo mkono mmoja, na kuichomoa kiunoni ilichukua muda. Amechagua ya kati. Ni nzito, na anasema uzito ndio unaomeza mshtuko. Nilifikiri anayechagua bunduki huchagua kama mtu wa sinema. Kumbe ni kama kuchagua jembe. Unashika, unalima mstari mmoja, unasikiliza mgongo.

Halafu risasi. Hapo ndipo pana maneno. Fundi alilegeza springi ili triga iwe nyepesi, na sasa nyundo inagonga kwa upole. Kila risasi ina kiduara kidogo kwenye kitako, kinaitwa fataki, ndicho kinachowasha baruti. Kuna aina za fataki ngumu. Nyundo ikigonga unasikia tik, basi. Risasi imegongwa lakini haijalipuka. Mama Kimeli husimama vilevile, bunduki imeelekea mbele, akingoja, kwa sababu nyingine huchelewa. Mimi muda huo huwa sipumui.

Amejaribu za kichwa cha mviringo na za kichwa butu. Zile butu zinatoboa kadibodi shimo safi kama la mashine ya karani, lakini zinakwama kwenye kuingiza, ukingo wake unagonga mdomo wa shimo, na yeye ana haraka. Za mviringo zinateleza zenyewe. Kwa hivyo amechagua za mviringo zenye fataki laini. Zile butu alizimaliza jana kwa mazoezi tu, na zikamsumbua, tik mara mbili mara tatu. Akiwa anakimbia na saa hasimami kuchambua. Anafungua gurudumu, anapiga kwa kiganja kijiti cha kusukumia maganda nje, zote sita zinaanguka chini pamoja.

Maganda niliyazoa kwa haraka maana mvua ilikuwa inatoka msituni. Utayaosha, yana matope.

Ndugu yako,
Mogaka


Kimulot
Jumatatu, 10 Machi 2025

Onsongo,

Sikiliza vizuri. Mzigo niliokutumia leo na Arasa usiutumie. Usimwonyeshe mtu. Usimwambie mtu umetoka kwangu. Uweke mahali pa mbali na nyumba mpaka nije mimi mwenyewe. Sababu siwezi kuandika, kwa maana Arasa huwasomea wenzake barua za watu akingoja ndizi ziishe.

Hapa mambo yamekuwa mabaya. Mama Kimeli ameangalia vitu vyake na kimoja hakipo. Amemwita kila mtu jikoni. Kisipopatikana, polisi wa leseni watakuja. Mimi nilisema sijui.

Barua hii itaondoka Alhamisi, hakuna gari lingine ninaloliamini. Ukimaliza kusoma, ichome.

M.


Tabaka
Jumatano, 12 Machi 2025

Mogaka,

Kopo limefika jana asubuhi, limejaa mpaka mdomo. Mungu akuzidishie. Nimeyamwaga kwenye karai nikayaosha. Huko kwenu kuna matope ya ajabu. Ganda moja limejaa kitu cha kijivu kigumu mpaka juu, nimechokoa kwa msumari hakitoki. Si kitu, moto utakitoa.

Sikuyachoma leo kwa sababu mvua ilinyeshea makaa yote. Nimeyaanika. Nitawasha jiko Ijumaa asubuhi, nifanye macho mchana kutwa, nipake nta usiku, na Jumamosi yule mtu wa Nairobi akute viboko wamepanga foleni wakimwangalia. Akinilipa nitaezeka upande ule unaovuja.

Hii barua uliyoandika ya bunduki nimeisoma mara nne. Umesema kuchagua bunduki ni kama kuchagua jembe. Mimi nikaongeza, na patasi. Patasi mbaya haikuambii ni mbaya mpaka jiwe limeshapasuka. Nilipofika pale anaposimama akingoja risasi iliyogoma, nilijishika nikiwa nami sipumui, na mimi niko Tabaka, karibu na mbuzi.

Usiogope sana. Mama anayesimama hivyo si mtu wa kukudhuru.

Onsongo


Kimulot
Alhamisi, 13 Machi 2025, jioni

Onsongo ndugu yangu,

Naandika barua ambayo haina gari. Arasa ameondoka Litein saa tisa, na barua yangu ya Jumatatu iko naye. Kijana wa boda niliyemtuma kumpa ndiye aliyerudi na yako. Nimeisoma nikiwa kwa ng'ombe, na ndoo imenianguka.

Kile cha kijivu si matope. Ni risasi nzima.

Zile za kichwa butu, risasi yake haichomozi nje ya ganda. Imelala ndani, sawasawa na mdomo. Ukiiokota haraka, ina alama ya nyundo kwenye kitako kama zile zilizolipuka, na mdomo wake umejaa, unafikiri ni udongo. Ilianguka na yale maganda matupu nami nikaizoa. Nyundo iliigonga haikulipuka. Moto hautagonga kwa upole.

Na wewe utakuwa umeinama juu yake ukiangalia rangi.

Acha niseme yote, kwa kuwa hata hivyo huisomi. Mama Kimeli hakusema nichukue maganda. Sikumwomba. Yeye huyarudisha kwa muuzaji, na nilikuwa naiba kidogo kidogo nikijua atafikiri yamepotea kwenye nyasi. Jumatatu alipokosa risasi moja nilijua hapo hapo iko wapi. Nilijua nikiwa nimesimama jikoni mwake. Anayekamatwa na risasi bila kibali hafungwi siku mbili, na mimi ni Mkisii katika nchi ya watu. Niliona kituo cha polisi, nikaona lori. Nikasema, "Sijui, Mama." Akamwangalia Kipkoech mlinzi, kwa sababu ndiye anayeshika ufunguo wa geti, akamwambia aende nyumbani mpaka ijulikane. Kipkoech ana watoto wanne. Alinipa mkono akiondoka.

Nilikuwa na simu mfukoni Jumatatu. Ningempigia jirani yetu Nyamwange, akaja kwako, ikaisha. Lakini Nyamwange ni mzee wa mtaa, kumwambia yeye ni kumwambia chifu. Nikajiambia barua inatosha, bado kuna siku. Nilipima ngozi yangu na macho yako, nikachagua ngozi yangu. Siku tatu nzima. Nimekula, nimelala.

Sasa hivi nimempigia Nyamwange mara kumi na moja. Amezima. Wanasema huko kwenu stima imepotea tangu mvua. Nimempigia Lenah. Amesema hawezi kufika kabla ya Jumamosi. Akaniuliza, "Kwani kuna nini, shemeji?" Nikamwambia. Hakulia. Akasema, "Huyo mtu hasikii, Mogaka. Amebakiwa na macho tu." Kama vile sijui.

Ijumaa asubuhi, saa moja na nusu.

Nyamwange ameshika. Nimemwambia risasi, kwa jina lake. Nimemwambia iko wapi na imetoka kwa nani. Alikuwa anauliza maswali, nikamfokea mzee wa watu, nikamwambia kimbia. Nimesikia mlango, nimesikia mbwa, nimesikia pumzi zake. Amesema, "Naona moshi kwake."

Simu imekatika.

Saa mbili. Hashiki.

Saa tatu kasoro. Hashiki.


Tabaka
Jumapili, 16 Machi 2025

Mogaka,

Niko hai. Naanza na hilo maana nakujua.

Barua yako ya Jumatatu ililetwa Alhamisi jioni na mtu wa Arasa. Niliisoma kwa taa ya mafuta. Usiutumie, usionyeshe mtu, polisi wanakuja, ichome. Maneno yote hayo, na hakuna hata moja lililosema risasi. Nikafikiri umeiba shaba na wanakufuata mpaka huku. Nikawaza, wakija wakikuta maganda karaini mwangu, Mogaka amekwisha. Kuyaficha? Hapa watoto wanachimbua hata mizoga. Kwa hivyo niliamka mapema kuliko nilivyopanga. Nikawasha makaa mengi, mengi kuliko ya kazi, nikatia kopo lote kwa pamoja ili yayeyuke yasijulikane yalikuwa nini. Mfanyabiashara na viboko wake nikawaacha. Moto niliuwashia barua yako, kama ulivyoagiza.

Nilikuwa nimeinama napuliza.

Unajua mimi husikia kwa miguu. Nilisikia ardhi inapigwa. Nikageuka, nikamwona Nyamwange, mzee wa miaka sabini, anakuja juu ya kilima bila viatu, koti limefunguka, mdomo wazi, mikono juu. Nikafikiri amepata wazimu. Nikacheka. Ndipo kitu kikanipiga kofi upande wa kichwa na jiko likakaa chini.

Kipande cha shaba kimepita kwenye sikio la kushoto kikachukua nusu yake. Kingine kiko begani, daktari amekitoa. Kama nisingegeuka, kingeingia jichoni, amenionyesha kwa kidole njia yake. Nyamwange alianguka, nikadhani amepigwa, kumbe ni moyo na kile kilima. Tulikaa chini sote wawili tukitazamana, damu inatiririka, na mimi nikamwandikia kwenye mchanga: hilo sikio halikuwa na kazi. Mzee akalia.

Amemwambia chifu. Usimlaumu. Mimi ndiye niliyemwambia aseme.

Nimekaa siku mbili nikikukasirikia na bado sijamaliza. Si kwa ile risasi. Mvua ilikuwa inakuja, mtu yeyote angezoa. Ni kwa ile barua. Nimeishi miaka thelathini na watu wanaofunga midomo wakinigeukia kwa kuwa ni rahisi kumficha kiziwi. Wewe ulikuwa hunifichi. Ndiyo maana nilikuwa nasoma barua zako mara nne.

Andika. Lakini andika vitu kwa majina yake.

Onsongo


Kimulot
Jumatatu, 17 Machi 2025

Onsongo,

Barua yako nimeichukua Litein mwenyewe, kutoka mkononi mwa Arasa. Aliniangalia kwa huruma, kwa hivyo najua ameisoma. Na aisome. Nimekaa kwenye magunia ya ndizi nikaisoma, nikashika sikio langu mwenyewe.

Yaliyotokea hapa ni haya. Ijumaa, Nyamwange alipoacha kushika simu, nilikwenda kwa Mama Kimeli. Alikuwa anasafisha ile rivolva mezani. Nikasimama mlangoni nikamwambia risasi yako ninayo mimi, yaani ninayo kwa ndugu yangu, nilizoa na maganda niliyokuibia, na sasa iko motoni. Aliweka kitambaa chini. Hakunipiga, hakupiga kelele. Alisimama kama anavyosimama risasi ikigoma, akingoja. Halafu akauliza, "Na Kipkoech?" Nikasema Kipkoech hana habari. Akasema, "Ulimwacha aende." Nikasema ndiyo, Mama.

Alinipeleka kwa Kipkoech mwenyewe. Nilisema mbele ya mke wake na watoto. Kipkoech alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nilikupa mkono, wewe," akaingia ndani.

Mama Kimeli naye ana lake. Daftari lake lilionyesha upungufu tangu Jumatatu naye hakuripoti siku hiyo, akitumaini tutaipata kwenye nyasi. Anaweza kunyang'anywa leseni. Mashindano ya Aprili hataenda. Rivolva aliyoichagua kwa wiki nzima ameifungia kabatini, na ufunguo atawapa polisi. Nilimwomba msamaha, akasema, "Hata mimi niliogopa, Mogaka. Ndiyo maana sitakufukuza leo. Kesho sijui."

Kesho asubuhi saa mbili tunakwenda kituo cha polisi, mimi na yeye, kwa miguu yetu. Nimefua shati. Naogopa sana, Onsongo. Sijui kama nitarudi hapa jioni au nitalala huko, na kama ni huko, sijui ni siku ngapi. Bado naikumbuka harufu ya vile vyumba vya polisi tulimolala mwaka ule. Lakini nimeamua nitasema risasi, nitasema niliiba, nitasema ndugu yangu hakujua kitu.

Huenda na huko kwako wakaja. Wakija, usikimbie na usifiche karai. Nimeandika kila kitu humu kwa jina lake, na tarehe, na sahihi yangu.

Barua hii usiichome. Wape waisome.

Ndugu yako,
Mogaka